Olopololi Haina Seng'enge

Ubao ulikuwa umegeuzwa. Maandishi yalitazama ndani ya ploti, kwenye mabati ya ujenzi, na mgongo wake mtupu ndio ulioelekea barabarani. Nilipita hapo karibu wiki tatu nzima, asubuhi nikikimbilia matatu ya Nairobi na jioni nikirudi na vumbi lote la Kitengela kwenye kola, nikidhani ni ubao wa mtu anayeuza mchanga. Mama mboga wa pale kwenye kona alikuwa ameupigilia misumari miwili na kuutundikia vikapu vyake. Siku moja mvua ilinifanya nijibanze upande wa pili, ndipo nikausoma. Ilani kwa umma: mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja kuwa nyumba za ghorofa za kupangisha, na mwenye pingamizi aiandikie kaunti ndani ya siku 14. Nilihesabu tarehe kwa vidole. Zilikuwa zimekwisha siku tano nyuma.

Leo ghorofa hilo limesimama, orofa tano, na jua la asubuhi hunifikia saa nne. Mwenye ploti akiitwa mahakamani anaweza kuapa kwamba ilani aliisimamisha, na hatakuwa amesema uongo. Nami nikiulizwa kama ningepinga, sina jibu la haraka. Nyumba yangu imekaa juu ya futi 50 kwa 100 za ardhi ambayo si zamani ilikuwa malisho ya mtu, na siku niliyonunua sikumuuliza yeyote ng'ombe wake wataenda wapi. Niliuliza kama hatimiliki ni safi na kama maji ya bowza yanafika.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Entarara, upande wa Loitokitok, kumjulia hali baba mkwe. Tuko kaunti moja, Kajiado, lakini Entarara na Kitengela ni malimwengu mawili. Kule Kilimanjaro imekuinamia, mpaka wa Tanzania hauko mbali, na mahindi na maharagwe yamefika mpaka mlangoni. Mzee alinitembeza jioni. Tulipofika katikati ya shamba la mahindi alisimama akaichomeka fimbo yake ardhini.

"Mkwe, hapa palikuwa olopololi yetu."

Nikamuuliza ilianzia wapi na kuishia wapi. Akaelekeza mti, kisha korongo, kisha mawe ambayo mimi sikuyaona.

"Nani aliipima, baba?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa nani alipima kivuli. "Ndama waliipima. Ndama akitoka asubuhi anafika wapi ndipo arudi kunyonya bila kuzimia? Hapo ndipo mwisho."

Kwa msomaji ambaye hajakaa na Wamaasai: olopololi ni malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama, wana-kondoo na mnyama mgonjwa au aliyechoka. Kundi kubwa hupitishwa pembeni kwenda mbali, hata kama majani ya hapo yanametameta. Wazee wa elatia, yaani maboma yaliyo jirani yanayotegemeana, ndio wanaokubaliana lini pafungwe na, ukame ukizidi, lini pafunguliwe. Anayetaka kujenga boma jipya huomba kwanza, kwa sababu ndama wake watakula pale pale. Atakayeingiza madume usiku ataambiwa. Akirudia atalipishwa mfugo. Hakuna bikoni, hakuna ramani, hakuna seng'enge, na mtoto wa miaka sita anaujua mpaka kwa kuwa ndiye anayechunga hapo.

Nilirudi Kitengela na fikra moja iliyokataa kutoka. Sheria ya mipango tuliyorithi kwa Waingereza hugawa ardhi kwa kuuliza kitu gani kijengwe hapa: makazi, biashara, viwanda. Olopololi haiulizi kinachojengwa. Inauliza nani anahifadhiwa hapa, na jina lake ndilo jibu. Ukishajua kwamba ni ya ndama, huhitaji kifungu wala jedwali. Unaweza mwenyewe kukata shauri kama mbuzi aliyevunjika mguu anaruhusiwa.

Nisije nikapaka sukari. Aliyekuwa akiwaangalia ndama hao, akijua yupi ananyonya na yupi amelegea, alikuwa mwanamke na watoto wake. Waliokaa chini ya mti kuamua olopololi ifunguliwe lini walikuwa wanaume. Na ardhi za pamoja zilipokuja kugawanywa, orodha za wanachama ziliandikwa kwa majina ya wakuu wa kaya, wajane na vijana wengi wakajikuta nje ya daftari. Mila ambayo haikumpa mwenye kazi nafasi ya kusema iliingia kwenye karatasi na kasoro yake, ikawa hatimiliki.

Kitengela ni mfano ulio wazi wa jinsi mambo yalivyokwenda. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za vikundi, na nchi hii ya Kaputiei ikawa miongoni mwa za kwanza kujaribiwa. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama na kipande chake. Kipande kikazaa vipande. Viwanda vya Athi River na eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje vilileta vibarua, vibarua wakaleta vyumba vya kupanga, na sisi wa Nairobi tukafuata bei nafuu. Sensa ya 2009 iliwakuta watu 58,167 mjini hapa. Ya 2019 ikawakuta 154,436. Mji umekaribia kujizidisha mara tatu ndani ya miaka kumi, na maji taka yake mengi bado yanasubiri lori la kunyonya.

Upande wa kaskazini kuna Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ambayo ina uzio pande tatu. Upande wa nne, wa kusini, ni mto Mbagathi na ng'ambo ya mto ni sisi. Nyumbu na pundamilia walizoea kuvuka wakati wa mvua kwenda kuzalia uwanda wa Kaputiei, na simba wakawafuata. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango ambao nauona wa busara kuliko yote iliyojaribiwa hapa: mwenye ardhi alilipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka ili asiweke uzio, asichimbe mawe, asiuze vipande. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, wakati shule zinafunguliwa. Aliyepanga ratiba hiyo aliwajua wazazi wa Kajiado. Ilikuwa, kwa maneno mengine, olopololi ya kukodi: eneo lililohifadhiwa kwa ajili ya kiumbe fulani, na aliyejinyima akafidiwa karo. Ila dola 4 hazikui, na bei ya ploti inakua kila Jumatatu.

Mwaka 2011 Halmashauri ya Kaunti ya Olkejuado, ambayo ndiyo iliyokuwa serikali ya mtaa kabla ya ugatuzi, ikapitisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Isinya, Kitengela na Kipeto. Wenye ardhi wenyewe walikuwa wameuhangaikia miaka mingi. Ulionyesha mji uishie wapi na malisho yabaki wapi. Miongoni mwa waliofanya kazi na watafiti kuweka kwenye ramani nyua za uwanda huo ni David Nkedianye, ambaye miaka miwili baadaye akawa gavana wa kwanza wa Kajiado. Kwa hiyo hatuwezi kusema kaunti ilianza bila ramani wala bila mtu anayeielewa. Ilianza na vyote viwili. Kilichokosekana ni mnunuzi wa ploti aliyewahi kuiona. Mimi nilionyeshwa mchoro wa dalali, wenye barabara ya mita tisa ambayo mpaka leo ni ya punda mmoja.

Juni 2012, huko Ilmasin, eneo la Kitengela, simba sita waliokuwa wameua mbuzi walizingirwa na kuchomwa mikuki, wawili wao wakiwa watoto. Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk, kwa sababu ya nywele zake zilizosimama, alipotea mpaka Isinya, umati ukamzunguka, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Nchi nzima ilililia picha yake. Wachache walijiuliza simba wa miaka kumi na mitatu, aliyekulia humo, alipoteaje njia. Hakuipoteza. Ilijengwa. Katikati ya hayo yote alikuwapo mvulana wa Kimaasai wa hapa hapa, Richard Turere, aliyewahi kufunga taa za kumetameta kwenye zizi la baba yake akiwa na miaka kumi na mmoja, simba wakadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Mwaka 2013 alipanda jukwaani California kuueleza ulimwengu. Usalama wa umma ulipatikana kwa betri kuukuu ya gari na kisanduku cha indiketa ya pikipiki, huku faili la mpango likikaa kabatini.

Pwani swali ni jingine tena. Tembea Mkomani, Lamu, saa za alasiri, uinue macho. Juu ya uchochoro utaona chumba kimening'inia, kimeegemea kuta za nyumba mbili, watu wanapita chini yake. Hicho huitwa wikio. Katika Kitengela yangu chumba hicho kingekuwa kesi ya miaka minane: nani ana hatimiliki ya hewa? Lamu suala lilikuwa kama jirani amekubali na kama njia imebaki njia. Katika miji ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini upana wa barabara kuu ulipimwa kwa ngamia wawili waliopakiwa mizigo wakipishana. Tunis, karne ya 14, fundi muashi aliyeitwa Ibn al-Rami aliandika kitabu kizima cha migogoro ya kuta, madirisha, mifereji na moshi wa tanuri. Fundi muashi, si mwanasheria. Msingi wake ni kanuni inayotokana na hadithi ya Mtume kwamba asidhuru mtu wala watu wasidhuriane. Hapaulizwi unajenga nini. Panaulizwa unamdhuru nani.

Nyumba ya Lamu yenyewe imejengwa juu ya swali hilo. Nje kuna daka, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni na mwenye nyumba huzungumza bila yeyote kuona ndani. Ukiingia kuna tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, halafu njia inapinda ndipo ufike kiwandani, yaani ua wa ndani. Jirani akipita mlango ukiwa wazi, jicho lake linagonga ukuta. Hakuna mkaguzi wa majengo aliyeamuru mpindo huo. Na daka lile lile ndilo ulinzi wa mtaa: wazee waliokaa hapo baina ya alasiri na magharibi wanajua mtoto wa nani kapita, na mgeni kaulizia nyumba gani. Huko Kitengela tumekodi kamera.

Lakini adabu ya ujirani inazuia madhara yanayoonekana, haijui kukarabati. Zanzibar ina Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tangu 1985, na UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali zikapangishwa kwa kodi ndogo, familia kadhaa katika jumba moja. Paa likivuja, la nani? Mpangaji wa juu anaweka ndoo, wa chini anasikia dari ikilainika, ofisi inangoja bajeti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 na fahari ya kisiwa, iliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa. Basi hata mji wenye mamlaka maalum, wakf, masheha na macho ya dunia nzima unaweza kuangushwa na maji ya mvua yaliyoingia polepole. Nikiona nyufa kwenye ukuta wa ghorofa la jirani yangu, lenye umri wa miaka miwili, huwa nalikumbuka jumba hilo la karne na nusu kasoro na kuona kwamba angalau lenyewe lilijaribu.

Ramani ya rangi rangi, hii ya makazi kwa manjano na viwanda kwa zambarau, ina ukoo wake na haifai kuchukuliwa kama hesabu tupu isiyo na upande. Frankfurt iliugawa mji wake kwa kanda tangu 1891. Nairobi ilipata ushauri wa daktari, Profesa Simpson, mwaka 1913, kwamba kwa ajili ya afya jamii zitenganishwe, Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika chini kabisa; tauni ikawa hoja, na mitaa ya leo bado inaonyesha. Huko Marekani, mwaka 1926, Mahakama ya Juu iliupa mji mdogo wa Euclid, Ohio, haki ya kugawa kanda, na jaji aliyeandika hukumu aliyafananisha majengo ya kupangisha na kimelea kinachonyonya hewa na mwanga wa nyumba za familia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ndiyo maneno ya kikundi chetu cha wakazi neno kwa neno, siku lilipojengwa lile ghorofa. Tulisema jua, maegesho, usalama. Tulimaanisha wapangaji. Olopololi ilimhifadhi dhaifu dhidi ya mwenye nguvu. Kanda za Euclid na za Nairobi mara nyingi zimemhifadhi mwenye nyumba dhidi ya mpangaji. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko rangi za ramani.

Sisemi ramani haina kazi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 mtambo wa kujazia gesi ulilipuka Mradi, Embakasi, mwendo mfupi tu kutoka kwetu kwa barabara ya Mombasa. Watu walikufa na mamia wakaungua, wengine wakiwa wamelala vyumbani mwao hatua chache kutoka kwenye mitungi. Mamlaka ya nishati ikasema ilikuwa imekataa maombi ya mtambo huo mwaka uliotangulia. Mamlaka ya mazingira ikawasimamisha kazi baadhi ya maofisa wake kwa leseni iliyotolewa. Hapo hakuna baraza la wazee litakalotosha. Gesi haionekani kama dume lililoingia malishoni. Inahitaji mtu aliyesomea umbali salama, na mtu mwingine wa kumwambia hapana na hapana hiyo ikasimama. Vivyo hivyo mto. Mwishoni mwa Aprili 2024 Athi ulifurika, barabara ya Namanga ikafungwa hapa Kitengela, watu wakakwama juu ya mapaa. Mzee yeyote wa Kaputiei angekuonyesha maji yalifika wapi miaka ya mvua kubwa. Alipoulizwa mara ya mwisho ilikuwa lini?

Kuna kitu kimoja ambacho Kenya ilikopa moja kwa moja kwa jirani: nyumba kumi, yaani kila kaya kumi na kiongozi wao. Tanzania iliianza miaka ya 1960 chini ya chama cha TANU, na balozi wa nyumba kumi hakuwa mpelelezi tu. Nyakati za uhaba sukari na unga vilipita kwake. Mgeni alipelekwa kwake. Wanandoa wakigombana usiku, mlango uliogongwa ni wake. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja 1992 alibaki kuwa wa chama, lakini mpaka leo Mtanzania hutafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa ili afungue akaunti au amdhamini mtu. Kenya ilitangaza nyumba kumi mwishoni mwa 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, na waziri wa usalama wa wakati huo alikuwa Joseph ole Lenku, mtu wa Loitokitok, aliyekuja kuwa gavana wetu mwaka 2017. Tulichukua jina na hesabu, tukaacha sukari. Mwenyekiti wa nyumba kumi wa Kenya hana anachogawa, hana anachosaini, na katika ghorofa la milango arobaini hajui hata anaanza kuhesabu kumi kutoka orofa ipi. Kwetu amekuwa msimamizi wa kikundi cha simu ambamo watu huuliza nani ana namba ya bowza. Ukweli ni kwamba boma la Kimaasai lilikuwa nyumba kumi kabla ya TANU, na mtaa wa Lamu pia. Kilichozishikilia ni kwamba wakazi walihitajiana kwa jambo fulani kila siku. Hatari peke yake haiwakutanishi watu zaidi ya miezi miwili.

Ng'ambo ya mpaka, mkabala na Entarara, kuna jambo lingine ninalolionea wivu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya 1999, inaupa uzito mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mtu mzima anayeishi pale, mwanamke na mwanamume. Mpango wa matumizi bora ya ardhi hupelekwa mbele yao kuidhinishwa, watu wakiwa wamekaa chini ya mwembe wamekunja nne, na katibu anasoma: hapa malisho, hapa msitu, hapa makaburi. Yule aliyekatazwa amekuwapo akisikia. Nasema nauonea wivu, siupambi. Juni 2022 huko Loliondo serikali iliweka bikoni kuzunguka kilomita za mraba 1,500 ambazo vijiji vya Wamaasai vilizihesabu kuwa malisho yao, kukawa na risasi na wakimbizi walioingia Kenya. Mkutano mkuu unaamua mpaka pale dola inapokuwa na hamu na ardhi ile ile.

Huku kwetu Kajiado Kusini, Kimana, mgogoro ulikuja kwa umbo la parachichi. Mwaka 2020 kampuni ya KiliAvo Fresh ilianza kusafisha ekari 180 za ardhi ya hatimiliki binafsi, katika njia wanayopita tembo kati ya Amboseli na hifadhi ya Kimana, ambayo jamii iliianzisha 1996. Mamlaka ya mazingira ilikuwa imetoa leseni. Majirani wenye ardhi na mashirika ya uhifadhi wakapinga, leseni ikazuiwa, na mwaka 2021 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaunga mkono uamuzi wa kuzuia. Hoja ya wawekezaji si ya kupuuzwa: ardhi ni yetu, kazi ni za watu wa hapa, mbona nyanya na vitunguu vya Kimana havikuzuiwa? Hoja ya majirani ilikuwa kwamba kulikuwapo mpango wa mfumo wa ikolojia wa Amboseli ambao ulilitenga eneo hilo kwa mifugo na wanyamapori. Nimesoma maelezo ya pande zote na yanazungumza Kiingereza cha mawakili. Ila ukiyavua maneno hayo, majirani walikuwa wanasema kitu ambacho baba mkwe angekielewa bila mkalimani: hapa pana kiumbe anayehifadhiwa, nawe uliomba kwa ofisi kabla ya kutuomba sisi. Walishinda kwa sababu walikuwa na mpango wenye mhuri, na kwa sababu waliujua. Huko Kitengela mhuri ulikuwapo vilevile.

Nimefikia kuamini kwamba bunge la kaunti na wapangaji wake hawana upungufu wa sheria. Wana upungufu wa majina. Mpango ukiandika "kanda namba fulani, msongamano wa kati" umemwambia mkazi kitu asichoweza kukitetea mbele ya trekta. Ukiandika njia ya nyumbu, maji ya 1998 yalifika hapa, uwanja wa watoto wa Noonkopir, umempa neno la kupigia kelele. Na usomwe kwenye baraza la chifu, kwa Kimaa na Kiswahili, akina mama wakiwapo, kabla ya kwenda kwenye ukumbi wa hoteli wanakokunywa chai wenye kadi za mwaliko. Kanjo, yaani askari wa kaunti, watakaotumwa kubomoa kibanda cha mama mboga wakionyesha wamekuja kumhifadhi nani, na waende. Wasipoweza kulitaja jina, warudi.

Mzee wa Entarara alinisindikiza mpaka barabarani siku ile. Nikamwambia kuhusu ubao wangu uliogeuzwa. Alifikiri kidogo. "Kumbe waliandika," akasema, kwa sauti ya mtu anayesikia habari njema kidogo. "Basi tatizo ni lenu ninyi wapitaji."

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inakupa siku 14 za kupinga. Na kaunti isipomjibu mwombaji kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Ukiona ubao umeupa barabara mgongo, mwombe mama mboga ashushe vikapu vyake kwanza, kisha ugeuze.